Blauzi Niliyoikana

Nyota mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi na dagaa ukiwa umesimama, ukamtania mama yako kwamba kutoka Dar es Salaam utarudi mnene asikutambue, ukaondoka kwenda Mwandiga kuwaaga bibi na wajomba. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Nimekaa hapa bandani penye nyavu mchana huu kukuandikia, mama yako akiwa sokoni Mwanga na nyumba ikiwa kimya.

Nitaiweka barua hii ndani ya begi, juu ya nguo zako, uione utakaporudi jioni kupanga vitu. Sitaki uisome kwenye treni. Isome leo, kabla hatujaenda stesheni kesho. Sababu utaikuta mwishoni, na usianzie mwishoni. Nakujua.

Habari za maji ya kunywa, wezi wa mabegi na watu wasiokuhusu wanaotaka kukununulia soda njiani, mama yako atakueleza, kisha atakueleza tena. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la blauzi.

Shangazi yako Mwavita unamjua kama watu wote wanavyomjua: mwanamke aliyetoka kambini akiwa na kroshia yake mkononi, na leo anafundisha wasichana wa Dar kufuma zile blauzi nyepesi zenye matundu, za kuvaa wakati wa joto. Mwaka jana alikutumia ya njano. Uliivaa siku tatu mfululizo mpaka mama yako akakuvua kwa nguvu aifue. Kisha ukakaa mlangoni na kroshia aliyokutumia pamoja na ile blauzi, ukaanza kujifunza mwenyewe. Siku ile ulinyanyua uso ukaniambia, "Baba, shangazi kaandika eti huu mkono nimeurithi kwake." Nikakujibu, "Ndiyo. Umefanana naye."

Nilikudanganya. Blauzi ya kwanza ya namna ile niliifuma mimi, na nyingine nyingi zilizofuata.

Rudia kusoma kama huamini. Ni mimi huyu huyu, mshona nyavu wa Kibirizi, ambaye hujapata kumwona ameshika kroshia hata siku moja. Siku ile mlangoni ulikuwa unaukaza mno uzi, ndiyo maana kazi yako ilikuwa inajikunja pembeni. Niliona tangu mstari wa pili. Ningesema neno moja tu ungeokoa mchana mzima wa kufumua na kuanza upya. Badala yake nikajifanya natafuta sindano ya nyavu.

Sasa tulia nikueleze ilivyokuwa.

Mama yako ni mtoto wa Mwandiga, hilo unalijua. Nilimwoa nilipokuwa navua upande huu, nikampeleka kwetu ng'ambo ya ziwa, Baraka, huko Kongo. Vita vilipotufikia tukavuka ziwa kwa mtumbwi wa nahodha wangu Kashindi. Mama yako alikuwa na mimba yako. Mwavita alikuwa msichana kama wewe ulivyo leo. Wazazi wetu walipofariki alikuwa hajaanza hata kuota meno vizuri, nikamlea mimi. Nilikuwa naenda naye mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nimembeba mgongoni, na wavuvi wakanipa jina la kunitania, wakaniita Mama Mwavita. Kumbuka jina hilo, maana nililichukia sana, na chuki ile imo ndani ya habari hii.

Tulipofika Kigoma tukapandishwa malori kwenda kambi ya wakimbizi. Lori letu lilisimama Mwandiga dereva anunue maji. Kutoka pale alipokuwa amekaa, mama yako aliuona mgomba wa nyumba ya jirani yao. Angeshuka tu, akatembea, akaingia kwao. Yeye ni mwenyeji, hakuna ambaye angemwuliza. Mimi nisingeweza kushuka naye. Akajifunika kanga usoni mpaka lori likaondoka, tukapita Kidahwe, tukaendelea mbali na ziwa, kila mlima tuliopanda ukiliondoa ziwa machoni pangu.

Kambini hapakuwa na maji mapana kuliko ndoo. Mvuvi afanye nini na ndoo? Nilikaa. Wewe ukazaliwa, na ukawa mtoto wa kulia, nisikufiche. Hema letu lilikuwa la plastiki, na saa sita mchana ndani mlikuwa hamkaliki. Mama yako alikuwa amejiunga na kikundi cha akina mama waliokuwa wanafundishwa kroshia, wakifuma vitambaa vya kuwekea juu ya makochi. Kambi nzima haikuwa na kochi hata moja. Lakini walifuma kwa bidii, wakavikunja vizuri, wakavihifadhi kwenye maboksi.

Siku moja nilimwona anakunyonyesha, gauni la kitenge limemganda mgongoni kwa jasho, wewe umekuwa mwekundu kwa joto na kwa hasira. Nikafikiri: huyu anahitaji kitu kinachopitisha hewa lakini kinasitiri. Na kitu kinachopitisha huku kinashika, mimi nakijua tangu utoto. Ni wavu. Alipolala nikachukua kroshia yake na bonge la uzi wa pamba, nikaanza.

Kilichotoka kilikuwa cha kuchekesha. Sisi washona nyavu tunafunga fundo kwenye kila jicho, maana wavu usiofungwa samaki anaufumua wote. Nami nikafunga fundo kila mahali. Mama yako akaivaa ile blauzi kwa heshima ya mume wake, akajaribu kunyanyua mikono, mikono ikagoma. Akaivua, akaiweka chini, ikasimama yenyewe.

"Baba Nyota," akasema, "hii ni ya kuvaa au ya kuanikia dagaa?"

Tulicheka mpaka ukaamka. Kisha akanionyesha. Kwenye kroshia hakuna kufunga, akasema. Kitanzi kinapita ndani ya mwenzake, mwenzake ndiye anayekishika, hivyo hivyo mpaka mwisho wa kazi. Nikamwuliza, na huyo wa mwisho nani anamshika? Akasema, wewe mwenyewe, unakata uzi na kuupitisha. Ilinitisha. Kazi yote ile, na ukivuta ncha moja inarudi kuwa bonge la uzi. Lakini nikajaribu. Nikachonga kroshia nene kwa kijiti cha mpera, nikatumia uzi mwembamba kuliko wote, kwa sababu nilishaelewa kuwa wepesi wa nguo unatoka hapo: uzi mwembamba, kroshia nene, na mkono usiokaba. Nikaanzia shingoni kushuka chini, nikiongeza vitanzi penye mabega, nikiacha kwapa wazi, bila mshono wowote wa ubavuni. Blauzi ya pili ukiikunja ilienea kwenye kiganja. Mama yako alipoivaa alisimama mlangoni pa hema upepo umpige, akafumba macho. Sijapata sifa kubwa maishani kuliko ile.

Mwishoni tu, penye upindo wa chini upande wa kushoto, mkono wangu ulikataa kuamini kitanzi. Nikafunga fundo la wavu, moja, kwa ndani. Na kila blauzi niliyofuma baada ya hapo nililifunga hivyo hivyo.

Wanawake wakaiona. Wakamwuliza mama yako nani kafuma. Nyota, alitaka kusema ni mimi. Nilimwona anafungua mdomo kwa fahari, nikamkazia macho. Usiku na mchana Kashindi na wenzangu wa mtumbwi walikuwa mahema mawili kutoka kwetu, na lile jina la Mama Mwavita walikuwa hawajalisahau. Nikaona jinsi watakavyolifufua: mwanamume mzima, hana ziwa, hana mtumbwi, anafuma vinguo vya wanawake. Nikamwambia mama yako, sema ni Mwavita. Mwavita hakuwa kwenye kikundi chao, hakuna aliyeujua mkono wake, kwa hiyo uongo ungekaa vizuri.

Nani alianza uongo huu? Mimi. Nataka ulishike hilo kabla hatujafika kwa shangazi yako, maana tukifika kwake nitakasirika na huenda nikalisahau.

Basi ikawa hivyo. Mimi nafuma ndani, pazia la hema limeshushwa, natoka jasho kwa kutengeneza nguo za kuwaepusha wengine na jasho. Mwavita anapata kibali cha kutoka kambini, anazipeleka sokoni Kasulu, anarudi na chumvi, sabuni, uzi, na habari. "Yaya," ananiambia, maana kwetu kaka mkubwa ndivyo anavyoitwa, "wanazipendaka hizi, wananyang'anyana." Alikuwa ananisimulia jinsi mke wa mwalimu alivyoigeuza blauzi ndani nje akitafuta mshono asiuone. Nilikuwa nacheka peke yangu hemani. Nilimpenda sana mdogo wangu siku zile.

Mpaka siku walipokuja watu wa shirika moja, na mama mmoja mwenye miwani akiwa amevaa blauzi yangu. Walikuwa wanafungua kituo cha kufundishia wanawake Kigoma mjini. Wanahitaji mwalimu. Mwalimu atapewa chumba na ruhusa ya kuishi mjini yeye na watu wa nyumba yake. Unaelewa maana yake? Kigoma mjini. Ziwa liko chini ya barabara. Mama yako atapanda gari dogo la abiria awaone wazazi wake na kurudi siku hiyo hiyo. Wewe utaacha kupumua plastiki.

Walimtafuta Mwavita, bila shaka, kwa sababu jina lilikuwa lake. Akaja mbio hemani. Tukakubaliana palepale, sisi watatu, wewe umelala mapajani mwake. Ataandikisha majina yote manne. Atasimama mbele kama mwalimu, mimi nitafuma ndani, kama siku zote. "Mimi ni mdomo, yaya, wewe ni mikono," alisema. Na kwa kuwa watamtaka afume mbele yao, nikakaa naye kila mchana kwa wiki mbili nzima nikamfundisha. Jinsi ya kuhesabu mnyororo wa shingo, jinsi ya kugawa mabega, jinsi ya kulegeza kidole uzi upite. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Fundo la mwisho tu sikumwonyesha, nikijua nitakuwa naye nyumba moja na nitalifunga mimi.

Siku ya kuthibitisha walikuja tukiwa kwenye foleni ya chakula, watu wote wamepangana na mifuko yao. Yule mama wa miwani, akiwa na blauzi yangu tena mwilini, alisoma karatasi kwa sauti ili kila mtu ajue hakuna upendeleo. Jina la Mwavita. Kazi, mfumaji. Watu wa nyumba yake: yeye peke yake.

Nilidhani amekosea kusoma. Nikamtazama Mwavita. Alikuwa anatazama viatu vyake, na nilipomwona hivyo nikajua karatasi haijakosewa.

Nikatoka kwenye foleni. Nilitembea hatua zipatazo kumi, nazikumbuka zote. Nikasema kwa sauti, "Mama, huyu mdogo wangu. Hizo blauzi nafumaka mimi."

Foleni ikageuka kunitazama. Yule mama hakunidharau, nimpe haki yake. Alinitazama mikono, akafungua mkoba, akatoa kroshia na uzi, akaninyooshea. "Sawa, baba," akasema. "Fuma kidogo tuone."

Nyota, ilikuwa rahisi namna hiyo. Ningefuma mistari miwili, kusingebaki swali. Au ningesema, igeuze hiyo uliyovaa, tazama upindo wa kushoto, utakuta fundo la wavu, kisha mwambie Mwavita alifunge. Nilikuwa na ushahidi mwilini mwa yule mama mwenyewe.

Mwavita akacheka. Kicheko kidogo, cha upole. "Yaya anapendaka masihara," akasema. "Huyu mtu wa nyavu, mama. Waulize wenzake."

Na wenzangu walikuwa pale. Kashindi, na nyuma yake watu wanne wa mtumbwi wetu, kila mmoja na mfuko wake. Kashindi alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasubiri. Kroshia ilikuwa imenyooshwa mbele yangu. Nikaitazama. Nikatia mikono mfukoni.

"Natania," nikasema.

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Yule mama akarudisha kroshia kwenye mkoba. Mwavita akaninyanyulia macho mara moja, na katika macho yale hapakuwa na mshangao wowote. Alijua. Alikuwa ameipanga safari yake yote juu ya jambo moja tu, kwamba kaka yake ataogopa kuchekwa. Nilimlea mimi, nilimbeba mgongoni, hakuna anayenijua kuliko yeye, na kile alichokijua juu yangu ndicho alichokitumia. Mtu mgeni angenidhulumu ningesahau. Huyu alinidhulumu kwa kunifahamu.

Aliondoka wiki ile ile. Hakuja kuaga. Ile kroshia yangu ya mpera sikuiona tena.

Nilimlaani kwa mama yako siku nyingi, asubuhi na jioni. Alinisikiliza. Siku moja alikuwa anapepeta mchele, hakunyanyua hata uso, akasema, "Yeye kakuacha wewe. Wewe umetuacha mimi na mtoto, palepale kwenye foleni." Hakulisema tena mpaka leo. Tulikaa kambini miaka minne mingine baada ya hapo, miaka ambayo mama yako hakustahili hata siku moja yake. Wewe ulijifunza kutembea pale, kwenye vumbi lile jekundu. Mpaka mjomba wako alipohangaika na karatasi, akazunguka ofisi hii na ile, ndipo tukateremka kurudi ziwani. Nikashika sindano ya nyavu, na kroshia sikuigusa.

Shangazi yako alipanda mpaka Dar, unajua mwenyewe. Akaanza kutuma nguo kila mwisho wa mwaka. Kwenye simu ananiita yaya kama zamani, ananiuliza habari za mgongo, namjibu. Hatujawahi kutaja. Kila mara nasubiri aseme, na kila mara anaaga. Nilipoletewa barua yake ya kukuomba uende ukaishi naye ukajifunze kazi, niliisoma mara tatu nikitafuta neno moja tu. Nikakuta ameandika: nitamfundisha kazi ya mikono yangu.

Ya mikono yangu. Nilitoka nje nikaenda kukaa mwaloni mpaka mama yako akaja kunitafuta.

Sijamsamehe. Ukiniona natania watu utadhani nimeshasahau. Si kweli, na sitaki uende kwake ukiamini hivyo. Ninaposikia jina lake likisifiwa redioni kwa jirani, nainuka naenda zangu mwaloni. Ningependa kuwa mtu mwenye moyo mpana zaidi, lakini nimekuambia nitakuandikia ukweli.

Utaniuliza, sasa mbona unaniruhusu niende. Ni kwa sababu unaipenda kazi hii, na hapa Kibirizi utaishia kuifanyia mlangoni. Na yeye atakufundisha vizuri. Ni mwalimu mzuri, nilimfundisha mwenyewe. Atakulisha, atakulinda, nina hakika, maana hana mtoto na anakupenda kweli. Mtu anaweza kukupenda kweli na siku moja akaandika jina lake peke yake kwenye karatasi. Mimi nimeishi na jambo hilo miaka yote ya maisha yako na bado sijui niliweke wapi. Usiende kule kumpeleleza wala kumhukumu. Ila siku utakayokuwa na kitu ulichokitengeneza mwenyewe, hata kibaya, na mtu akuulize nani kakifanya, sema ni wewe kabla mwingine hajasema. Mimi nilichelewa kwa pumzi moja tu.

Na kuna lingine, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mwezi huu nilinunua uzi. Mwenye duka pale Mwanga alipouliza ni wa nani, nikamwambia ni wa mke wangu. Unaona? Hata leo, na mvi hizi. Nikachonga kroshia mpya ya mpera. Nikawa nakufumia blauzi hapa bandani, na kila nikisikia kwenye uchochoro kikohozi cha Kashindi, ambaye naye alirudi ziwani na sasa ni jirani yetu, naisukuma chini ya wavu. Wiki iliyopita alikaa hapa karibu saa nzima akilalamikia bei ya mafuta ya taa, blauzi yako iko chini ya makalio yake. Alipoondoka niliichomoa, nikaikung'uta magamba ya dagaa, nikaona haya kuliko siku ile ya foleni. Siku ile nilikuwa na njaa na nilikuwa mgeni. Leo nina nini cha kusingizia?

Ni ya kijani, ile ya majani ya mpunga unayoipenda. Mkono umezeeka lakini umekumbuka. Nimeitanua kidogo mabegani kwa sababu joto la Dar, wanasema, si kama letu, halina upepo wa mlimani. Nimekupima kwa macho ukiwa unafua. Imekwisha yote, isipokuwa mstari wa mwisho wa upindo. Huo nimeuacha kwa makusudi.

Kesho stesheni Kashindi atakuwepo. Anapeleka magunia ya dagaa kwa treni yako hiyo hiyo, na wawili wa wale wanne ndio wapakiaji wake. Treni haijawahi kuondoka kwa saa yake, kwa hiyo nafasi itakuwepo. Nitakaa kwenye benchi la nje, pale kila mtu anapopita, nitatoa kroshia, nitafuma ule mstari wa mwisho, nitafunga fundo la wavu, kisha nitakupa uvae. Mama yako nimeshamwambia. Alikwenda kutoa ile blauzi yake ya kambini kwenye sanduku. Sikujua kama bado anayo. Anasema kesho ataivaa.

Shangazi yako atakupokea na atakukumbatia. Baadaye, ukishaivua, ataichukua aigeuze ndani, wafumaji hawawezi kuona kazi wasiigeuze. Atalikuta lile fundo. Usimwambie neno, wala usimtazame kwa ubaya. Ataelewa, na ataelewa kuwa na wewe unajua. Akitaka kusema, muda wa kusema ni wake.

Lakini hayo ni ya huko. Ya hapa ndiyo yananitisha. Nimeandika barua hii ndefu, na hata nilipofika hapa, bado sina hakika na mikono yangu. Naijua. Ndiyo maana nilitaka uisome leo. Kesho ukifika stesheni ukanikuta nimesimama na Kashindi, natoa mizaha, mikono iko mfukoni, usinionee huruma na usinisubiri. Njoo mbele yake, itoe mikono yangu uniwekee kroshia. Wala usipande treni, hata wakipuliza filimbi, mpaka umeniona nafunga fundo.

Ni mimi baba yako,
niliyeifuma.